Filimbi Mbili Fupi

Habari za vifo mimi sizipokei kwa simu. Miaka thelathini ya kukaa katika kiti cha hakimu imenifundisha kwamba mtu mmoja anaweza kufa mara tatu kabla ya adhuhuri katika vinywa vya watu, na kila mara kwa maradhi tofauti. Kwa hiyo Maganga aliponipigia asubuhi ile, akaniambia bila hata salamu kwamba Sishuki amefariki na kwamba maziko ni kesho baada ya swala ya adhuhuri, Kisarawe, nilimuuliza kwanza huyo Sishuki ni nani, na pili yeye amejuaje. Mimi na Maganga tunaishi mji mmoja, Kibaha, yeye Misugusugu na mimi Mkuza, na kwa zaidi ya miaka arobaini tumekutana njiani pengine mara kumi, tukapeana mikono, tukaulizana afya, basi. Akasema, "Sishuki ni Salumu. Salumu Kondo. Hukujua kwamba kwao wanamwita hivyo?" Sikujua. "Basi njoo ujue," akasema, na simu ikakatika.

Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilifika Kisarawe jeneza likiwa limekwisha kutayarishwa barazani, wanaume wamejipanga uani chini ya turubai, wanawake wamejaa vyumbani na kwenye ukumbi, na nyuma ya nyumba moshi wa sufuria kubwa za wali ukipanda. Watu walikuwa wameinama kulishika jeneza walipoinua macho na kumwona mzee mmoja anatoka chumbani amevaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, anatembea kwa magongo ya marehemu, akichechemea mguu wa kushoto kama marehemu alivyochechemea. Alikuwa Maganga. Alilizunguka jeneza mara moja, kisha akayatupa magongo na kujilaza kifudifudi katikati ya njia, mtu wa miaka sabini na kitu, akasema haendi mtu hapa mpaka wafiwa wamletee kahawa na ukoko wa ule wali anaousikia unanukia. Wakamletea. Akanywa akiwa amelala. "Mzaramo huyu mbishi tangu zamani," akasema. "Nilimwambia shuka, akasema sishuki, nataka kuiona Kisarawe kutoka juu. Haya, leo anashuka. Tuone kama atabisha." Ukumbi mzima wa wanawake ulipasuka kwa kicheko, na katika kicheko kile kile vilio vikaanza upya. Vijana walicheka wakifuta machozi kwa mikono ya kanzu zao. Mimi sikucheka. Sentensi ile niliijua neno kwa neno. Niliwahi kuiandika kwa mkono wangu, kwa wino wa buluu, nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Nilikotoka hakuhusiki na habari hii, isipokuwa kwa jambo moja: nililelewa katika mabweni ya shule tangu nikiwa na miaka tisa, na bwenini nilijifunza sarufi, hesabu na sala, sikujifunza namna watu wanavyokaa pamoja. Nilifika Kibaha mwanzoni mwa mwaka kuwa karani wa utumishi katika kiwanda kimoja cha nguzo na mabomba ya zege, upande wa Zegereni, ambako siku hizo mikorosho ilikuwa mingi kuliko kuta. Kiwanda hicho hakipo tena. Nilipanga chumba Mkuza, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana ukumbini, na kuta zake zilikomea usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi nilioukalishia kipande cha tofali, kandili, na vitabu kumi na vinne ambavyo nilivipanga kwa kimo. Katika chumba kilichopakana na changu waliishi wafanyakazi wawili wa kiwanda chetu. Mmoja alikuwa Salumu Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa mapaa na mabomba, mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, aliyezoea kuimba mashairi ya harusi akinyoa ndevu. Wa pili alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, dereva wa mashine ile ya kunyanyulia mizigo yenye meno mawili mbele, ambayo kiwandani tuliiita foko.

Kwa sababu ya ule uwazi wa juu ya kuta nilisikia kila walichosema, na walichosema kilikuwa matusi. Salumu alirudi kwao kila Ijumaa na kila Jumatatu alikuja na nazi, korosho na kisamvu kilichokwisha kutwangwa. Maganga alitumiwa kutoka Tabora mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Jioni walipika sufuria moja katika ukumbi, na harufu ya tui ilipita juu ya ukuta ikaingia katika chumba changu, ambamo mimi nilikula mkate na chai. Salumu angeiangalia ile michembe na kuuliza kama kwao wanakula magome ya miti kwa sababu ya njaa au kwa sababu ya mila. "Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani," alikuwa akisema, "akafika hapa ulimi nje, akatuomba maji." Na Maganga, bila kuharakisha, "Akawakuta mnacheza ngoma, na maji yenyewe hamjachota." Wakati wa masika Salumu aliugua homa siku nne. Nilimsikia Maganga akimwambia afe upesi kwa sababu godoro lake ni zuri, na kwamba ameshampima kwa macho, sanda ya mtoto itamtosha. Niliweka kitabu chini nikashangaa ukatili wa watu wasiosoma. Uji ulikuwa ukipikwa mara tatu kwa siku katika siku hizo nne, na mgonjwa hakuwa na mke pale Mkuza. Nilisikia maneno, sikujiuliza ni mkono wa nani unaokoroga uji. Niliamini, na hili naliandika bila kujitetea, kwamba watu wawili wale wanachukiana.

Utani kati ya makabila nilikuwa nimeusoma katika kitabu, kama mtu anavyosoma habari za barafu. Kwetu pia upo, lakini niliujua kama jambo la wazee, la misibani. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kwenda nao kazini kama mtu anavyokwenda na kofia yake, na kwamba pale ambapo mtu mwingine angelia, mtani haruhusiwi kulia. Mwenzako akipatwa na baya, wajibu wako ni kumwambia kwamba amejitakia.

Kiwandani palikuwa na mashine halisi ya kuinulia watu: gari lenye mkono mrefu wa chuma na kikapu mwishoni, ambamo fundi husimama akiwa amejifunga mkanda. Ilikuwa nyuma ya bohari, imefunikwa turubai, ikisubiri pampu ya mafuta iliyoagizwa kabla mimi sijaajiriwa. Kuku wa mlinzi walitagia ndani ya kikapu. Kwa kuwa paa halisubiri pampu, wafanyakazi walikuwa na njia yao. Waliweka juu ya meno ya foko jukwaa la mbao la kupangia mifuko ya saruji, fundi akavua viatu, akasimama juu yake, na foko ikamwinua hadi kwenye mapaa kama inavyoinua mzigo. Jukwaa lile waliliita kitanda. Kupanda kitanda lilikuwa jambo la kila wiki. Hakuna kamba, hakuna ukingo. Dereva, meno yakishapanda, hakuweza kuona kilicho juu, na mashine za kuchanganyia zege zilikuwa na kelele isiyoruhusu watu kuitana. Kwa hiyo kazi yote ya kunyanyua iliendeshwa kwa filimbi. Ilikuwa filimbi moja tu, ya refa, na ilining'inia shingoni mwa fomeni wetu, Bwana Mhina. Moja ndefu, simama. Mbili fupi, pandisha. Tatu, shusha. Dereva aliyeinua kitu bila filimbi mbili fupi alipoteza kazi siku hiyo hiyo, na katika mwaka wangu niliwaandikia wawili barua za namna hiyo. Ofisi yangu ilikuwa hatua ishirini kutoka banda kubwa. Nilizisikia filimbi zile mpaka zikawa kama saa ya ukutani, ambayo mtu haisikii tena ila anajua imegonga ngapi.

Siku ya ajali mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na paa la banda lilikuwa likivuja juu ya mifuko ya saruji. Nilikuwa mezani nikinakili daftari la mahudhurio. Nilisikia filimbi mbili fupi. Nilisikia foko ikinguruma, mnyororo wake ukipanda. Muda mfupi ukapita, wa mtu kunyoosha mkono kufikia kitu kilicho mbali kidogo. Kisha mbao zikagonga zege, na baada yake sauti nyingine, isiyokuwa ya mbao. Mashine za kuchanganyia zilizimwa moja baada ya nyingine, na katika ukimya ule nikatoka nje. Salumu alikuwa amelala juu ya nguzo zilizopangwa ukutani, kitanda kimemwangukia kiunoni, mguu wa kushoto umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Hakupiga kelele. Maganga alikuwa bado kwenye kiti cha foko, mikono juu ya usukani, kama aliyekatazwa kushuka. Viatu vya Salumu, vile vya matairi, vilikuwa chini ya ukuta vimepangwa sambamba. Na nilimwona Fomeni Mhina. Nilimwona akiishika filimbi yake na kuiingiza ndani ya shati, taratibu, kisha akafunga kifungo.

Siku ya tatu meneja alinituma hospitali nikachukue maelezo. Alitaka taarifa iwe mezani kwake Ijumaa, na alinikumbusha, kwa namna ya mzazi, kwamba ile barua yangu ya kuomba kwenda kusomea sheria ilihitaji mapendekezo yake, na kwamba taarifa nzuri huonyesha akili ya mtu. Fomeni alikuwa amekwisha kutoa maelezo yake: hakumwamuru mtu kupanda, hakupuliza filimbi, alikuwa upande wa pili wa banda. Nilifika kwenye wodi ya wanaume saa ya kuangalia wagonjwa. Niliposikia sauti ninazozijua nilisimama ukumbini, nje ya mlango, kwa sababu sikupenda kuingia katika kundi. Watu wanne watano wa kiwandani walikuwa wamekizunguka kitanda. Hawakujua waangalie wapi. Ndipo Maganga akasema, kwa sauti ya kuwasimulia, kwamba wasimhurumie huyu, Mzaramo ni mbishi, na akaongeza, "Nilimwambia shuka, akasema sishuki, nataka kuiona Kisarawe kutoka juu." Wakacheka wote. Kati ya vicheko vyao nilikisikia cha Salumu mwenyewe, kikikatwa na maumivu na kuanza tena. Nilitoa daftari langu, nikaliegemeza ukutani, nikaiandika sentensi ile kama ilivyosemwa, na saa iliposemwa.

Waliponiona nikiingia waliondoka. Salumu alinitazama kutoka kwenye mto. Midomo ilikuwa imekauka. Nilimwomba maelezo yake na akanipa maneno machache tu: "Andika niliambiwa nipande, Karani. Sina jingine." Niliyaandika. Nataka msomaji aelewe kwamba niliyaandika, kwa sababu katika taarifa ile hakuna neno hata moja la uongo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo. Niliandika kwamba majeruhi *anadai* aliamriwa kupanda. Niliandika kwamba dereva, ambaye ni shahidi wa karibu na mwenzake wa chumba kimoja, *ameeleza* kwamba alimtaka ashuke naye akakataa, akitoa sababu ya kutaka kutazama mandhari. Nilitumia neno mandhari. Filimbi sikuiandika. Kifungo cha shati sikukiandika. Nilijiambia kwamba mimi si shahidi, mimi ni mwandishi wa taarifa, na mwandishi hajiingizi. Meneja alisoma mara mbili, akapigia mstari chini ya neno "akakataa", akasema, "Unaandika kama mwanasheria tayari." Baada ya wiki mbili Salumu aliachishwa kazi kwa kukaidi usalama wa kiwanda, akiwa bado kitandani, na barua ya kumwachisha, ambayo niliiandaa mimi, iliambatanishwa na nakala ya taarifa yangu.

Maganga alikuja chumbani kwangu jioni ya siku ambayo barua ilipelekwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka kizingiti changu. Hakukaa, ingawa nilimwonyesha kiti. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba yeye ni Mnyamwezi na Salumu ni Mzaramo, kwamba pale hospitali wenzao walikuwa wameanza kumlilia mtu aliye hai, na kwamba mtani hamwachi mtani wake aliliwe. "Ningesema nini, Karani? Nilie?"

Nilimuuliza kama maneno yale aliyasema au hakuyasema.

"Niliyasema."

"Nimeongeza langu?"

"Hukuongeza."

"Basi sijakuzulia."

Aliangalia vitabu vyangu vilivyopangwa kwa kimo, kisha akanigeukia. "Na filimbi?" akauliza. "Ofisi yako pale ni hatua ishirini. Mimi siwezi kupandisha mtu bila filimbi, hilo unalijua, wewe ndiye unayetuandikia barua. Hukusikia filimbi?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Barua ya mapendekezo ilikuwa bado haijatiwa saini. Nilimwambia, "Filimbi zinapulizwa siku nzima."

Akasema, "Haya," akatoka. Sikuwahi kusikia neno dogo lenye uzito ule, na mahakamani nimesikia watu wakipokea vifungo vya miaka mingi. Kesho yake alikwenda kwa meneja mwenyewe. Nilikuwa mezani kwangu, mlango wa kati wazi, na nilimsikia akianza kueleza kwamba yale yalikuwa utani. Meneja alicheka kwa moyo mweupe kabisa. "Maganga," akasema, "wewe na utani wako mtaniua." Maganga alijaribu tena, akaapa, na kadiri alivyoapa ndivyo meneja alivyocheka, mpaka mwenyewe akarudi kwenye foko. Aliyoyasema kwa mzaha yalikuwa yamekwisha kuwa ushahidi. Aliyoyasema kwa kiapo yalipokelewa kama mzaha. Mwezi ule ule nilipita bandani nikaona kitanda kipya cha mbao juu ya meno ya foko, na fundi mwingine akivua viatu.

Salumu alirudi Mkuza mara moja tu, kuchukua vyombo vyake, akiwa na magongo mapya ambayo hakuwa amejifunza kuyatumia. Ilikuwa mchana wa Jumapili na nilikuwa ndani. Nilifunga mlango nikakaa kitandani. Juu ya ukuta nilimsikia akikusanya vitu vyake: kioo cha kunyolea, sufuria, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Alimwambia Maganga kwamba leo ndiyo siku ya kuonyesha kazi ya ukoo, mzigo uko tayari. Maganga akajibu kwamba babu yake alibeba pembe za ndovu, vitu vyenye thamani, yeye amekuja kubebeshwa Mzaramo. Kisha nilisikia akimbeba mgongoni kweli, maana hatua zilizotoka chumbani zilikuwa za mtu mmoja mwenye uzito wa wawili. Zilipofika mbele ya mlango wangu zilisimama. Sijui ni nani kati yao aliyetaka zisimame. Hawakubisha hodi. Niliona vivuli vya vidole vya miguu chini ya mlango, na nilikaa pale pale kitandani mpaka vilipoondoka. Mwisho wa mwaka nilikwenda chuoni, na barua ya mapendekezo ya meneja ilisema kwamba mimi ni kijana mwangalifu asiyeandika ila alichothibitisha.

Nilipata sifa baadaye. Katika wilaya zote nilizofanya kazi walinijua kuwa hakimu asiyepokea maneno ya kusikia. Shahidi akianza na "nilisikia watu wakisema," nilimkalisha chini. Mawakili wachanga walifundishwa kwa mfano wangu. Nilipostaafu walinipa saa ya mezani na hotuba, na mzungumzaji alisema kwamba ukali wangu katika jambo hili ulitokana na elimu. Sikumsahihisha. Nilikula wali wao, nikaenda nyumbani Mkuza, kilomita moja na nusu kutoka ile nyumba ya vyumba sita, na kwa miaka yote hiyo sikupata siku ya kwenda Kisarawe, mahali ambapo mtu huenda na kurudi kwa siku moja.

Baada ya kuzika tulirudi chini ya turubai, tukaletewa wali na maharage katika sinia. Mwanamke mmoja wa makamo alipiga magoti mbele yangu, akanipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba. Alikuwa Mwanahawa, binti wa marehemu. Maganga alikuwa amemwambia kwamba mimi nilifanya kazi na baba yake. Nilimuuliza jina lile la Sishuki lilitoka wapi, na nikamuuliza kama ameambiwa au anajua. Alisema anajua, kwa sababu alikuwapo: alikuwa na miaka minane, akamsindikiza baba yake ofisi ya kata na ile barua ya kiwanda ili asaidiwe kuipinga. Aliyekuwa mezani aliisoma kwa sauti, dirisha wazi, watu wamejaa nje wakisubiri zamu. Alipofika kwenye "akakataa" na "mandhari" walicheka, na mezani wakamwambia kwamba kwa karatasi hii hawana la kumsaidia. "Kabla hatujafika nyumbani watoto walikuwa wanaimba sishuki, sishuki," akasema. "Mpaka mume wangu alipokuja kuposa, kwao walimuuliza kama anaoa kwa Sishuki, wasije wakapata mke mbishi." Baba yake aliwaambia mara moja kwamba aliamriwa. Hakurudia tena. Karatasi ilikuwa na mhuri, yeye alikuwa na magongo.

Ndipo Maganga akasimama. Alikuwa ameivua kanzu ya marehemu na kuikunja juu ya bega. Akasema ana neno, na safari hii si utani. Watu wakaanza kucheka kabla hajalisema. Alisubiri, akasema tena kwamba si utani, wakacheka zaidi. Mzee mmoja alimwambia akae, kahawa ameshakunywa. Nilimwona akiangalia huku na huku na uso ule ule aliotoka nao katika ofisi ya meneja. Alinyoosha mkono kunielekea. "Mimi nikisema wanacheka," akasema. "Sema wewe, Karani. Ndiyo maana nilikuita."

Nilisimama. Nimezungumza mbele za watu maisha yangu yote. Nikasema kwamba jina langu ni fulani, kwamba taarifa ya ajali ya Salumu Kondo niliiandika mimi, na kwamba marehemu hakukataa kushuka, aliamriwa kupanda. Nilizungumza kwa Kiswahili cha mahakamani, kwa maana sina kingine. Kisha kijana mmoja nyuma ya sinia akauliza, "Na huyu mzee naye ni mtani wa wapi?" Uwanja mzima ukacheka. Walicheka bila ubaya, wakinipa heshima ya kunihesabu miongoni mwa watani wa marehemu. Mimi si mtani wao. Kwa kabila, kwa ukoo, kwa lolote, sina ruhusa ya kumchekesha mtu katika nyumba ile.

Mwanahawa hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni, akatoa karatasi iliyokatikakatika kwenye mikunjo, akaifungua juu ya mkeka. Wino wa buluu ulikuwa umefifia. "Mwandiko huu ni wako, baba?"

"Ni wangu."

"Basi andika na hayo uliyoyasema sasa hivi. Ya mdomo hapa yameshakuwa kicheko."

Aliigeuza karatasi upande ambao haukuandikwa, akaweka chini yake mfuniko wa sufuria, akanipa kalamu ya mwanawe. Niliandika nikiwa nimekaa chini, miguu imekunjwa. Sentensi ya kwanza ilikuwa ile iliyopaswa kutangulia tangu siku ile: *Mimi, mwandishi wa taarifa iliyo nyuma ya karatasi hii, sikuwapo mahali pa ajali.* Ya pili: *Nilikuwa mezani kwangu, hatua ishirini, na kabla ya ajali nilisikia kwa masikio yangu filimbi mbili fupi, ambazo maana yake kiwandani ilikuwa ni kupandisha.* Ya tatu ilihusu kifungo cha shati. Ya nne ilisema kwamba maneno ya dereva yalikuwa utani, na mwandishi alielezwa hivyo siku barua ilipopelekwa. Nikatia saini. Maganga alisoma kutoka nyuma yangu, midomo ikitembea. Alipomaliza aliiweka kanzu juu ya goti lake akaanza kuikunja upya.

Mwanahawa alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Alirudi kwenye ule wa filimbi akausoma mara ya pili, kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, kwa nini sikuuandika wakati ule. Swali hilo nimewauliza mashahidi wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Wengine walitazama dari, wengine walitazama mikono yao. Nilikuwa nikiwasubiri dakika moja kamili, kisha nikaandika pembeni ya ukurasa maneno mawili, nikaendelea na shauri. Niliitazama mikono yangu. Dakika ilipita. Kalamu ilikuwa bado kwangu, na chini ya saini palikuwa na nafasi, nikayaandika: *Hana jibu.*